Mawe ya babu, mchanga wa baba na ramani iliyotoka mjini

Ukimya wangu wa wiki tatu msiutafsiri vibaya. Sikuacha kuandika, nilikuwa kijijini. Mnaonifahamu mnajua nikisema kijijini nina maana ya huku kwetu Chamwino, ambako ili simu ishike mtandao unapanda juu ya kichuguu na kunyanyua mkono kama mbunge anayeapa. Nilikwenda kumzika shangazi, na kabla matanga hayajaanuliwa pakaitishwa mkutano wa hadhara chini ya mbuyu wa shule. Mwandishi wa habari hata akiwa msibani hawezi kuacha kunusa. Nikaenda.

Ajenda ilikuwa moja: fedha za madarasa mapya zimefika, na wananchi wanatakiwa "kushirikishwa". Mtendaji akafungua ramani iliyotoka mjini, akaibana mezani kwa mawe manne, maana upepo wa kwetu mnaujua. Akaeleza vyumba vitakaa wapi, vyoo wapi, ofisi ya walimu wapi. Kisha akafika kwenye sehemu yetu sisi: mawe, mchanga, maji ya ujenzi na kuchimba msingi. Kila kaya na fungu lake. Nilipoisogelea ile ramani nikagundua kwamba mbuyu tuliokuwa tumekaa chini yake ulikuwa ndani ya mstari wa jengo. Yaani tulikuwa tunashirikishwa chini ya mti ambao ramani ilikuwa imeshaukata!

Maswali? Kimya. Halafu bibi mmoja, umri wake kama wa babu yangu, akasimama kwa kushika bega la mjukuu wake. "Mwanangu mtendaji, hayo madirisha yanaangalia wapi?" Mtendaji akatazama ramani, akatazama jua, akaigeuza ramani, akatazama tena. "Mashariki, mama." Bibi akasema, "Basi mwezi wa tisa mtafundisha vumbi." Watu wakacheka, mtendaji naye akacheka, na katibu akaandika swali lile kwenye muhtasari. Nilichungulia nione kaliweka wapi. Kaliweka kwenye "Mengineyo".

Hilo neno "Mengineyo" ndilo lililoninyima usingizi. Nikajiuliza: hapa Ugogoni tumejenga shule ngapi kwa mikono yetu, na ni mara ngapi mtu alituuliza shule ifananeje kabla hajatuletea ramani? Nikamfuata babu, nikafuata makabrasha niliyobaki nayo tangu chuo, nikachokonoa hapa na pale. Haya ndiyo niliyoyapata. Ni marefu kidogo, kwa hiyo kama una maharage jikoni nenda kayaangalie kwanza.

Tuanze na nyumba. Kabla ya bati, Mgogo alijenga tembe. Kwa msiolijua, tembe ni nyumba ya chini, kuta za miti na udongo, paa bapa la miti lililofunikwa udongo mzito, vyumba vikizunguka ua ambamo ng'ombe hulala. Saa nane mchana, jua la Oktoba linapochoma hata mijusi, ndani ya tembe pamepoa. Usiku wa mwezi wa saba, baridi inapotafuna mifupa, ndani pana joto. Upepo unapita juu, maana hakuna kipaa cha kuunyanyua. Haya si mapenzi ya mtoto wa Kigogo kwa mambo ya kwao, ni kazi ya udongo mnene: unachelewa kupata joto na unachelewa kulipoteza.

Lakini tusidanganyane. Tembe lilikuwa na giza. Madirisha hayakuwepo, au yalikuwa matundu tu. Mvua kubwa ikija paa lilivuja. Na humo sakafuni na kwenye nyufa za kuta walikaa papasi, wale wadudu wanaoleta homa ya papasi, ugonjwa uliowasumbua watu wa nyanda za kati kwa miaka mingi. Kwa hiyo serikali iliposema tembe liondoke haikuwa inaropoka. Kosa, kwa maoni yangu, ni kwamba papasi na ubaridi wa tembe vilitupwa jalalani kwa pamoja. Hakuna aliyekaa na wajenzi wa matembe akawauliza: je, ukuta huu mnene tunaweza kuupa dirisha?

Tabia ya kutokuuliza haikuanza na serikali yetu. Twendeni Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha pale ule mradi wao maarufu wa karanga. Walipanga kulima zaidi ya ekari milioni tatu katika sehemu mbalimbali za Tanganyika. Wenyeji wa Kongwa waliujua udongo ule, ambao kiangazi unakuwa mgumu kama saruji, na waliijua mvua yake ambayo leo ipo na kesho haipo. Mradi ulitupwa mwaka 1951 baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi. Wasichokijua wengi ni kwamba majengo ya mradi ule yalitumika pia kama shule ya bweni, kuanzia 1948 hadi 1958. Ilikuwa shule ya watoto wa Kizungu. Wazee wetu waliijua wakiwa nje ya uzio. Baadaye shule ile ikahamia Iringa kwenye majengo mapya, ambayo leo ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa.

Sasa babu. "Shikamoo babu." "Marahaba mjukuu wangu, umeleta ugoro?" Nilikuwa nimeleta. Nikamuuliza shule yetu ilianzaje, akanirudisha kwenye Operesheni.

Mwaka 1969 mvua zilikuwa mbaya Dodoma na njaa ikapiga hodi. Serikali ikaanzisha Operesheni Dodoma, ambayo kati ya 1970 na 1971 iliwahamisha watu kutoka kwenye kaya zilizotawanyika maporini hadi kwenye vijiji vya ujamaa. Hii ni kabla ya ile Operesheni Vijiji ya nchi nzima. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuja kukaa Chamwino kwa muda, akafyatua matofali pamoja na wananchi. Ukipita leo unaiona Ikulu ya Chamwino, ile iliyozinduliwa rasmi mwezi Mei 2023, na ukumbuke kwamba hadithi yake inaanzia kwenye matofali yale.

Babu alikuwa kijana mwenye mke mmoja na ng'ombe kumi na mmoja. Anasema waliambiwa wakahamie kwenye mistari. Mistari ni nyumba zilizopangwa mmoja baada ya mwingine kama askari, na shule ikawekwa mwanzo wa mstari, karibu na barabara. "Kwa nini karibu na barabara?" nikauliza. "Ili gari la wakubwa likipita waione," akajibu, akavuta ugoro, akapiga chafya. Mimi sina ushahidi kwamba ndiyo sababu, nami simwekei maneno mtu yeyote mdomoni. Nasema tu kwamba babu ndivyo alivyoelewa, na kijana wa miaka ile kuelewa hivyo ni sehemu ya historia pia. Anasema wapo waliorudi mahameni kwao mvua zilipoanza, kwa sababu mashamba na mbolea ya zizi la zamani vilikuwa huko. Yeye alibaki kwa ajili ya shule. Alitaka baba yangu asome. Akafyatua tofali, akabeba mawe kutoka kilimani, na darasa la kwanza likasimama.

Kinachouma katika habari hii, ndugu zangu, ni kwamba wakati ule kwenye karatasi mambo yalikuwa mazuri kabisa. Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Ukilisoma unakuta shule inatakiwa iwe sehemu ya kijiji, isiwe kisiwa, na wanafunzi wenyewe washiriki katika kuamua mambo ya shule yao. Na hakulitoa hewani. Kulikuwa na mfano hai huko Songea, katika kijiji cha Litowa, kilichokuwa chini ya Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Pale wanakijiji walianzisha shule yao wakakaa vikao wao wenyewe kuamua watoto wafundishwe nini na waishi vipi. Miongoni mwa waliowashauri alikuwapo Mwingereza Ralph Ibbott, ambaye kwa taaluma alikuwa mkadiriaji majengo, lakini maamuzi yalibaki kwa wanakijiji. Wanahistoria wengi wanasema Litowa ilimgusa Mwalimu alipokuwa anaandika andiko lile.

Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ikakivunja kile chama. Sababu zinabishaniwa mpaka leo, lakini kwa mada yangu tazameni tarehe. Litowa inavunjwa 1969, Operesheni Dodoma inaanza 1970. Kijiji kilichokuwa kinajiamulia kinafungwa mlango, halafu huku kwetu vinafunguliwa vijiji vinavyoamuliwa. Babu hakuwahi kuisikia Litowa hadi nilipomtajia mimi.

Kuna watakaonijibu kwamba wakati ule nchi ilikuwa changa, nafasi ya kuuliza kila mtu isingepatikana. Nafasi ilipatikana ilipotakiwa! Mwaka 1973 palikuwa na kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi nchi nzima, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, kisha wakajadili hali ya kijiji chao wenyewe na kukubaliana wafanye nini: wachimbe choo wapi, madimbwi gani yafukiwe. Kwanza mjadala, ndipo jembe. Tulijua namna ya kuuliza kuhusu choo. Kuhusu darasa hatukuuliza.

Halafu ikaja UPE. Azimio la Musoma la 1974 liliamua kwamba kufikia Novemba 1977 kila mtoto awe na nafasi ya shule ya msingi. Hebu fikirini, miaka mitatu tu! Walimu walikosekana, wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa kazi huku wakifanya kazi, hao tunaowaita mpaka leo walimu wa UPE. Madarasa yalikosekana, vijiji vikaambiwa vijenge. Babu akarudi kilimani kubeba mawe. Mwaka uliofuata Sheria ya Elimu namba 25 ya 1978 ikaziweka kamati za shule kisheria, lakini kijijini kwetu, kwa kumbukumbu za babu, kazi ya kamati ilikuwa kukusanya michango na kuwasaka watoro. Ramani? "Ramani alikuwa nayo bwana mkubwa wa ujenzi, kwenye mfuko wa koti."

(Kichekesho cha historia: miaka ile ile, jirani tu na kijiji chetu, palikuwa panapangwa jiji zima. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu yahamie Dodoma, na mwaka 1976 kampuni ya Kanada ikakamilisha mpango wa mji mpya, mji wa watembea kwa miguu wenye makazi yaliyo karibu na huduma zake, shule ikiwamo. Wazo zuri mno. Mamlaka iliyolisimamia, CDA, ilivunjwa mwaka 2017, na anayekaa Dodoma leo ajisemee mwenyewe kama mwanawe anatembea kidogo kwenda shule.)

Nafika kwa baba na kwangu mimi. Mwaka 2002 ulianza MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, na ada ikafutwa. Watoto walimiminika. Mwaka 2000 nchi ilikuwa na wanafunzi wa shule za msingi milioni 4.4 hivi, mwaka 2006 wakawa karibu milioni 8. Nami ni mtoto wa mafuriko yale. Na lazima niwe mkweli, MMEM ulikuwa hatua. Kwa mara ya kwanza kamati ya shule ilikuwa na akaunti benki, ruzuku iliingia, mapato na matumizi yakabandikwa ubaoni wananchi wasome. Baba alikuwa mjumbe wa kamati. Mama anasema alivaa koti la harusi kwenda kwenye semina.

Lakini uamuzi ulikuwa juu ya fedha na nguvu kazi. Umbo la darasa lilikuja limechorwa: chumba cha mstatili, ubao mbele, mlango mmoja, bati juu, hakuna dari. Wananchi walileta mchanga, kokoto, mawe na maji. Baba alisomba mchanga wa korongoni kwa mkokoteni wa punda wa kuazima. Mimi nikaingia darasa la kwanza katika chumba alichochangia baba, kilichopakana na chumba alichokijenga babu.

Nawaambieni jinsi nilivyosoma humo. Mvua ya kwetu ni kidogo, kama milimita 500 na ushee kwa mwaka, tena inakuja yote kati ya Desemba na Aprili. Ikianza kupiga bati lisilo na dari, mwalimu anafumbua mdomo na husikii kitu. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa anaweka chaki chini, anakaa, anatutazama. Tukamtazama. Mvua ikatufundisha. Kiangazi joto la bati lilitulaza saa sita, na upepo ulipovuma tulifunga madirisha ya mbao tukasoma gizani kama tuko tembeni, ila bila ule ubaridi wa tembe! Somo tulilolielewa zaidi lilifanyika nje chini ya mbuyu, kwa sababu walimu wawili walikuwa na akili ya kutuhamisha. Mbuyu ndio lilikuwa darasa letu bora, na hapajawahi kuwa na ramani iliyouhesabu kama darasa.

Miaka ya karibuni nitaipita haraka maana wengi mnaikumbuka. Januari 2016 elimu bila ada ikaanza, kwa waraka wa Novemba 2015, na madarasa yakafurika upya. Mwaka huo huo Rais Magufuli akawaagiza viongozi wa mikoa na wilaya wahakikishe madawati yanapatikana ifikapo Juni 30, na nchi nzima ikageuka karakana ya seremala. Madawati yakapatikana. Yale ya kwetu ni ya watoto watatu, mbao nzito, hayageuki. Mwalimu anayetaka watoto wakae duara wajadiliane, kama mtaala unavyomtaka, aanze kwanza kuita wabeba mizigo. Mwaka 2021 zikaja fedha za UVIKO-19 kutoka IMF, trilioni 1.3, zikajenga madarasa 15,000 kwa milioni 20 kila moja. Kati ya hayo, 3,000 yalikuwa ya shule shikizi. Baadaye ukaja BOOST wa trilioni 1.15 kwa shule za awali na msingi, wenye madarasa ya mfano ya watoto wadogo na vifaa vya kuchezea nje. Nimeyatembelea kadhaa kikazi. Ni mazuri kuliko chochote nilichosomea mimi, na asemaye si kweli hakusoma kwenye vumbi.

Hapo kwenye shule shikizi nisimame kidogo. Shikizi haianzi na ramani. Inaanza na kitongoji kilicho mbali na shule mama, korongo katikati, na mtoto aliyesombwa na maji au aliyekaribia kusombwa. Wazazi wanachagua mahali wenyewe, wanajenga kibanda, wanamtafuta kijana aliyemaliza kidato cha nne ajitolee kufundisha, halafu ndipo wanakwenda kwa mtendaji. Mradi wa EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Uingereza kati ya 2014 na 2020 na kufanya kazi Dodoma pia, ulikuwa miongoni mwa walioziona na kuzisaidia. Kwa hiyo msiniambie wananchi wa kawaida hawawezi kupanga shule. Mahali pa kuiweka walishapapanga, bila semina na bila posho.

Tatizo la sasa nadhani ni saa. Fedha zinakuja na tarehe ya kumaliza. Utaratibu wa fosi akaunti umewapa kamati za vijiji na mafundi wa mitaani kazi ambayo zamani ilikwenda kwa wakandarasi, na hilo nalisifu. Ila kamati inapokea fedha, ramani na tarehe kwa siku moja. Utauliza saa ngapi? Na maswali yameongezeka. Mkoa wa Dodoma ulikuwa na watu milioni 2.08 mwaka 2012, sensa ya 2022 ikawakuta milioni 3.08. Mtaala mpya ulioanza 2024 unakata elimu ya msingi iwe miaka sita. Vishikwambi vya sensa wamegawiwa walimu, na vinahitaji mahali pa kuchajiwa na mahali pa kufungiwa. Wasichana wanahitaji chumba cha stara chenye maji, kisichokuwa nyuma ya choo cha wavulana. Mtoto anayetembelea kiti mwendo anahitaji njia ya kupanda darasani isiyomalizikia mchangani. Haya yote wanaoyajua ni mama, mlezi, mwalimu wa zamu na mtoto mwenyewe.

Kuna mahali walijaribu kuuliza, tena penye joto na ukame kuliko kwetu. Kijiji cha Gando, Burkina Faso. Kijana wa pale, Francis Kéré, alikwenda kusoma usanifu Ujerumani, akarudi kuwajengea wenzake shule ya msingi iliyokamilika mwaka 2001. Wanakijiji walikataa udongo, walitaka saruji kama shule za Wazungu. Hakuwaburuza. Alichora mchangani, akajenga mfano, akaruka juu yake waone kama utavunjika. Wakaelewana: tofali za udongo ulioshindiliwa na saruji kidogo, dari ya tofali, na juu yake paa la bati lililonyanyuliwa mbali ili hewa moto ipite katikati. Wananchi wenyewe wakajenga. Mwaka 2004 ile shule ikapata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu, na mwaka 2022 Kéré akapata Tuzo ya Pritzker, Mwafrika wa kwanza. Nilipomwonyesha babu picha kwenye simu aliikuza kwa vidole, akatazama lile paa mbilimbili muda mrefu. "Huyu amelala tembeni," akasema.

Sasa mrejee nami kijijini. Asubuhi baada ya mkutano nilimkuta fundi mkuu, kijana wa tarafa yetu, anapima kwa kamba. Yule bibi alikuwa amefika kabla yangu, na wazee wawili, na mwenyekiti wa kamati ya shule. Hakukuwa na ajenda wala Mengineyo. Bibi alichukua vumbi kiganjani akaliachia, wote tukaona lilikokwenda. Fundi akapiga simu kwa mhandisi wa wilaya (kwenye kichuguu, naam) akamuuliza kama jengo linaweza kugeuzwa. Nilitegemea mabishano. Mhandisi akasema ramani inaonyesha jengo tu, upande wa kulielekeza mtautazama hapo hapo, mradi vipimo visibadilike. Dakika nne! Nusu karne ya kubeba mawe, na swali lilihitaji dakika nne na vocha ya mia tano.

Jengo likageuzwa, madirisha yanaangalia kaskazini na kusini. Lilipogeuzwa likauacha mbuyu. Mwalimu mkuu akaomba chini yake pazungushiwe benchi za mawe, ubao upigwe kwenye ukuta wa nyuma wa darasa linaloutazama mti, na kamati ikakubali mawe yatakayosalia kwenye msingi yatumike kwa hilo. Vyoo vimebaki palepale vilipochorwa, kina mama wamelalamika, na hilo halijaisha. Dari haimo kwenye bajeti. Kamati imesema itaitisha mchango baada ya mavuno, kama yatakuwepo.

Siku ya kuondoka nilimkuta bibi kwenye msafara wa ndoo za maji ya ujenzi, ndoo yake ya lita kumi kichwani, ameshawapita wasichana wawili. Babu alikuwa kwenye kigoda nje ya nyumba akitazama upande wa shule. Akaniuliza kama paa litakuwa la bati. Nikamwambia ndiyo babu, bati.

"Basi mvua ikinyesha watapumzika," akasema, akaniomba nimwachie ugoro mwingine.